Saluti kwa Makalio ya Farasi

Tangu azaliwe, Bi Redio hakuwahi kunyamaza dakika mbili mfululizo akiwa macho. Hata siku ile ya kujifungua pacha wake, mkunga alisimulia baadaye kwamba mama huyu alikuwa akisukuma huku akiwaeleza wauguzi wodi ile ilijengwa lini na paa lake limebadilishwa mara ngapi. Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelikumbuka tena. Nyumbani aliitwa Mama Pacha, mjini kote aliitwa Bi Redio, na yote mawili aliyaitikia kwa mbwembwe zile zile.

Kazi yake ilikuwa kuongoza watalii. Kwa miaka thelathini na moja alisimama ghorofa ya juu ya basi jekundu lisilo na paa, mgongo ukielekea barabara, uso ukielekea watu, kipaza sauti mkono wa kulia na nguzo mkono wa kushoto, akilionyesha jiji kama mwenye nyumba anavyomwonyesha mgeni sebule yake. Stesheni kuu ya zamani, yenye saa nne mnarani na hakuna mbili zilizowahi kukubaliana. Daraja la chuma lenye misumari elfu sita, ambayo aliihesabu mwenyewe siku moja ya foleni, akafika mia mbili, akachoka, iliyobaki akaikisia. Mnara wa maji. Ukumbi wa Jiji na ngazi zake pana za kupigia picha za harusi. Na mwisho kabisa, kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, Chuo cha Kijeshi: lango la mawe, ukuta mrefu mweupe, bendera, na mbele ya lango, juu ya jukwaa lake, farasi wa shaba mkubwa kuliko farasi yeyote mwenye akili timamu.

Huyo farasi ndiye aliyemtia Bi Redio matatani. Lakini tusikimbilie. Kwanza nikuambie kwa nini mwaka ule mama wa watu alikuwa hapati usingizi.

Kampuni ya mabasi ilitoa barua. Mwisho wa mwezi waongozaji wote wangepumzishwa, na kila mtalii angepewa kidude cha kuvaa masikioni chenye sauti iliyorekodiwa. Bi Redio aliisikiliza hiyo sauti. Ilikuwa ya mwanamke fulani mpole, anayetamka kila kitu kana kwamba anambembeleza mgonjwa, na stesheni nzima aliimaliza kwa sentensi mbili.

"Mbili!" Bi Redio alifoka nyumbani, akainua vidole viwili mbele ya pua ya mumewe. "Na zile saa? Na yule mkuu wa stesheni aliyefunga ndoa mara tatu kwenye chumba cha kusubiria? Sentensi mbili!"

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi cherehani na mtu wa maneno machache. Ndoa yao ilidumu kwa sababu mmoja alikuwa na maneno mdomoni na mwingine alikuwa na pini.

"Kuna kule chuoni," alisema, akitoa pini moja.

Ni kweli, kulikuwa na kule chuoni. Chuo cha Kijeshi kilikuwa kinatimiza miaka mia moja, na zizi lake la zamani la farasi lilikuwa limegeuzwa makumbusho. Walitaka mwongozaji mkuu, mtu wa kusimama humo ndani siku sita za wiki awasimulie wageni historia ya chuo na ya jiji lililokua likikizunguka. Bi Redio aliposoma lile tangazo alipiga kigelegele peke yake jikoni, mpaka jirani akaja kubisha hodi kuuliza nani anaolewa. Akaomba. Wakaomba na wengine arobaini. Wakachujwa, wakachujwa tena, akabaki yeye na jaribio moja tu: Jumanne, saa tatu asubuhi, amzungushe Mkuu wa Chuo na kapteni anayesimamia makumbusho kwenye safari yake ya kawaida ya basi, amalizie langoni. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, arudi nyumbani amsimulie Baba Pacha historia ya cherehani mpaka mmoja wao atangulie mbele ya haki.

Na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Pacha walikuwa wameshajitegemea, kila mmoja na kwake. Bila watu wa kuwasimulia, Bi Redio aliona atanyauka tu, na alimwambia mumewe hivyo hivyo, bila kuzunguka, huku machozi yakimlengalenga. Baba Pacha kesho yake alianza kushona sare: koti la bluu lenye kola ya kusimama na vifungo sita vya shaba.

"Ungengoja nipate kwanza hiyo kazi, bwana!"

"Kitambaa kilikuwepo."

"Na nikiikosa?"

"Utavaa sokoni," akasema, akarudisha pini mdomoni.

Sasa njoo kwa farasi.

Mwaka wake wa kwanza kazini, basi lilikwama kwenye ule mzunguko wa barabara. Lori lilikuwa limemwaga viazi njia nzima, na madereva walikuwa wameshuka, wengine kusaidia, wengine kujiokotea hivyo viazi. Bi Redio alikuwa amemaliza yote aliyofundishwa. Alisema ya lango, akasema ya ukuta, akasema ya bendera, akarudia ya ukuta. Dakika kumi zikapita. Na kazini alikuwa ameonywa kwamba basi likikaa kimya watu wanaanza kutazama saa zao, kisha wanaanza kudai nauli yao. Hapo bwana mmoja mwenye kofia pana akanyoosha kidole.

"Samahani, dada. Mbona farasi wenu amelipa mgongo lile jengo kubwa?"

Lile jengo kubwa lilikuwa Ukumbi wa Jiji, upande wa pili wa barabara. Na bwana yule hakukosea. Farasi alilitazama lango la chuo, na makalio yake, mapana, ya mviringo, yanayong'aa kwa jua, yalielekea moja kwa moja kwenye dirisha la ofisi ya meya. Bi Redio alikuwa ameyaona kila siku bila kujiuliza lolote. Kitabu cha kampuni hakikuwa na habari hiyo. Akafungua mdomo aseme kwamba hana hakika, na mdomo ukaamua vingine.

"Aaah, hilo!" akasema, akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. "Mwanzilishi wa chuo hiki aligombana na meya wa siku zile. Meya alimnyima maji ya bomba ya kunyweshea farasi wake. Basi mwanzilishi akaagiza sanamu, na mafundi walipomuuliza igeukie wapi, akawaambia, 'Mpeni meya upande anaostahili!' Na akatoa amri: kila kadeti anayehitimu lazima azunguke nyuma ya farasi, ayapigie saluti makalio yake."

Basi zima lilicheka hadi likatikisika. Yule bwana alicheka mpaka kofia ikamdondoka, ikatua barabarani katikati ya viazi. Na Bi Redio, binti wa miaka ishirini na sita, alipata utamu ambao hakuwahi kuuonja, akajua kesho atairudia. Akairudia kesho, na kesho kutwa, mara nne kwa siku, na kila mara iliongezeka kidogo, mpaka meya akapewa kitambi, mke mkorofi na jina la utani.

Jioni ya siku ya kwanza alimwambia mumewe. Baba Pacha, wakati huo kijana mwenye nywele zake zote, alifikiri kidogo.

"Utafungwa," akasema.

Hakufungwa. Lililotokea lilikuwa zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata, asubuhi ya mahafali ya chuo, basi lilikuwa linazunguka pale pale, naye yuko katikati ya sentensi, mara lango likafunguka. Makadeti wakatoka kwa gwaride, sare nyeupe, glavu nyeupe, bendi mbele, vijana mia moja na themanini. Wakamzunguka farasi. Wakafika nyuma. "Saa-luti!" akanguruma sajini mmoja, na mikono mia moja na themanini ikapanda kwa mpigo mmoja, nyuso kavu kabisa, mbele ya makalio ya shaba.

Kipaza sauti kilimponyoka Bi Redio. Alishika nguzo kwa mikono miwili. Lahaula! Kitu alichokitunga mwenyewe, kwenye foleni, kwa sababu ya viazi! Kimeingiaje ndani ya kuta zile? Hakuthubutu kuuliza, na abiria wake walikuwa wakimpigia makofi utadhani yeye ndiye aliyewapanga makadeti. Mwaka mwingine wakapiga tena. Na mwingine. Ikaingia magazetini, ikaingia kwenye kadi za posta. Majenerali wa nchi jirani wakizuru walipelekwa nyuma ya farasi wakapiga saluti kwa heshima zote, na mmoja wao inasemekana alitokwa na machozi. Kila alipoyaona hayo, Bi Redio alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na usiku akageuka geuka kitandani akijiuliza siku ya kujulikana itakuwaje.

Basi Jumanne ikafika. Koti lilimkaa vizuri mno. Baba Pacha alifunga kifungo cha mwisho, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama, akasema, "Usiseme sana," na wote wawili wakaangua kicheko, maana ilikuwa sawa na kumwambia samaki asilowe.

Juu ya basi walikuwa watu watatu tu. Mkuu wa Chuo alikuwa jenerali mrefu mwenye mvi, anayekaa wima hata kwenye kona. Kapteni alikuwa kijana mwembamba wa miwani, faili tatu mapajani na wino kwenye vidole. Miaka mitatu mizima alikuwa amejifungia kwenye stoo ya kumbukumbu za chuo, akipanga makaratasi yaliyoliwa na panya, akila chakula chake cha mchana juu ya ramani. Dereva alikaa chini kwenye usukani wake na chupa ya chai, na sauti ya Bi Redio ilimfikia kwa spika iliyokuwa juu ya kichwa chake.

Bi Redio alianza kwa sauti ya chini, lakini walipoiacha stesheni alikuwa anaelea. Alimpa Jenerali ndoa zote tatu za mkuu wa stesheni, moja baada ya nyingine, na Jenerali akajipiga pajani kwa kicheko. Kapteni aliandika, akaweka alama ya vema.

"Daraja hili lina misumari elfu sita," akasema Bi Redio.

"Elfu sita na kumi na miwili, Mama," akasema Kapteni bila kuinua macho.

"Hiyo kumi na miwili ni ya juzi."

Kapteni akafungua faili, akatafuta, akatafuta, akainua uso kwa mshangao. "Ni kweli. Iliongezwa mwaka juzi." Akaweka alama mbili. Bi Redio mwenyewe alishangaa kuliko yeye, kwa sababu alikuwa amejisemea tu.

Mambo yakawa moto moto mpaka kwenye mnara wa maji, mpaka kwenye Ukumbi wa Jiji. Alikuwa amepanga akifika kwa farasi aseme uzito wake, aseme urefu wake, apite zake. Lakini basi liliposimama pale mbele, Jenerali alimtazama yule farasi na uso wake ukalainika.

"Mwanangu wa mwisho anahitimu mwaka huu," akasema. "Naye atapita hapa nyuma. Kaka yake alipita. Mimi nilipita."

"Hongera, Jenerali," akasema Bi Redio.

"Hapa ndipo nilipokwama, Mama," akadakia Kapteni. Akatoa karatasi kubwa yenye mchoro. "Kibao cha shaba cha ukuta mkuu. Kiwandani wananisubiri kesho asubuhi. Kimeandikwa: *Kwa amri ya mwanzilishi, kila mhitimu huyapigia saluti makalio ya farasi.* Kila kitu kwenye makumbusho yangu kina ushahidi wa karatasi. Hiki tu ndicho hakina. Na juzi nimegundua tatizo." Akavuta pumzi. "Mwanzilishi alifariki miaka tisa kabla ya farasi huyu kuletwa."

Bi Redio alifungua kifungo cha juu cha koti lake la bluu.

"Sasa nani aliyeamuru ageuzwe hivi?" akauliza Jenerali.

"Hakuna, Afande. Ipo barua ya msimamizi wa ujenzi. Winchi ilitokea upande usiofaa, wakamfunga kinyume, na kumgeuza kungechukua wiki nzima. Wakamwacha alivyo."

"Na saluti?"

"Sina karatasi yoyote. Habari ya zamani kabisa niliyoipata ni ya gazeti, na mwandishi anasema aliisikia kwenye basi hili." Kapteni akamgeuzia Bi Redio miwani yake taratibu. "Mama, wewe uliambiwa na nani?"

Haya, jiweke mahali pake. Mlango wa kutokea ulikuwepo, tena mpana. Angesema kulikuwa na mzee mmoja mtunza farasi, marehemu sasa, ndiye aliyemsimulia. Huyo mzee tayari alikuwa amemjia kichwani, ana kibiongo na mswaki mdomoni, amekamilika kabisa, anangoja kutamkwa tu. Kazi ingekuwa yake. Koti lingekuwa na pa kwenda.

Lakini alimtazama yule kijana, na wino wake, na macho mekundu ya kusoma, akamwonea huruma moyo wake wote. Maneno ya basini yanapeperuka na upepo kabla hujafika kwenye taa za barabarani. Haya yangekaa kwenye shaba, chini yake jina la kijana, na siku moja mwingine mwenye miwani angekuja na barua ya winchi kumuumbua. Bi Redio akapiga moyo konde.

"Sikuambiwa na mtu, Kapteni. Nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Yote. Ugomvi nilitunga. Maji ya bomba nilitunga. Meya hata sikumjua. Kulikuwa na foleni, kulikuwa na viazi, bwana mmoja akaniuliza swali, nami sikuwa na la kusema. Saluti nayo niliitunga, halafu siku moja nikaona watu wanaipiga kweli, ikanishinda kuirudisha. Nimeishi na jambo hili miaka thelathini na moja, na nisameheni, mara nyingi limenichekesha."

Kutoka chini ikasikika sauti ya dereva akipaliwa na chai. Uso wa Jenerali ulianza kubadilika, mishipa ikamtoka shingoni, mabega yakaanza kutikisika, na Bi Redio akajua kwamba sasa ndiyo ataona cha mtema kuni.

"Mama," akasema Jenerali kwa taabu. "Wakati ule, abiria wako walikuwa wakishuka hapa?"

"Dakika tano, Jenerali. Kupiga picha."

"Basi alishuka mama mmoja mwenye mwavuli wa njano." Alifuta macho kwa kiganja, kumbe jamaa alikuwa anacheka! "Nilikuwa kuruta, wiki ya tatu, zamu ya lango. Akanijia na mwavuli wake: 'Kijana, ni kweli mnayapigia saluti makalio ya yule farasi?' Sasa Mama, wewe raia huelewi. Siku zile kuruta akisema 'sijui' anaruka kichura mpaka aone nyota mchana. Neno lenyewe lilikuwa marufuku. Nikasema, 'Ndiyo, mama!' Kumbe sajini wangu yuko nyuma yangu."

"Mungu wangu," akasema Kapteni.

"Akaniuliza, 'Tangu lini?' Nikasema, 'Tangu zamani, Afande!' Nikamwona anafikiri. Naye hakuwa anajua, na sajini mbele ya kuruta hawezi kusema hajui. Akafikiri, akafikiri, akanikazia macho: 'Sasa mbona wewe leo hukuipiga?' Akanirusha kichura dakika arobaini kwa kosa la kusahau saluti! Kesho yake akaitolea amri kombania nzima. Mimi ndiye niliyepiga ya kwanza, Mama, peke yangu, miguu inatetemeka, nimesimama mbele ya makalio yale nikijiuliza nimeikosea nini dunia. Miaka yote nimejua kwamba nilimdanganya sajini wangu. Sikujua yule mama wa mwavuli aliitoa wapi."

Wakatazamana, mwongo na mwenzake, kisha wakacheka mpaka Jenerali akaacha kukaa wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliinamia kiti cha mbele akakipiga kwa ngumi. Bi Redio alikaa chini kwenye ngazi, koti jipya na yote, akilia kwa kicheko.

Kapteni peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Afande, kazi hii anapewa au hapewi?"

"Makumbusho ni yako, Kapteni. Mimi ni mshtakiwa mwenzake."

Kapteni akamgeukia. "Mama, kuna mambo mengine mangapi ya uongo kwenye safari hii? Hesabu vizuri."

Bi Redio alihesabu kwa vidole, akasita, akaongeza kimoja. "Manne. Yule mkuu wa stesheni alioa mara mbili tu. Ya tatu niliiongeza kwa sababu chumba kile ni kizuri."

"Na yapi mengine?"

Akayataja. Kapteni akayaandika yote, na katikati ya la tatu, lililohusu mnara wa maji na mkwe wa mhandisi, kalamu yake ilianza kuyumba na pembe ya mdomo ikamsaliti. Akakohoa. Akachukua kalamu nyekundu, akakata maneno yote ya kile kibao.

"Miaka mitatu," akasema, "nimesoma barua za watu waliokufa wote wakijisifu. Wewe ndiye shahidi wa kwanza kukubali kosa lake. Kazi ni yako. Lakini ndani ya lile jengo, kweli tupu. Siku nikisikia uongo mmoja, hata uwe mtamu vipi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Kapteni."

"Na mwanangu?" akauliza Jenerali. "Apige au asipige?"

"Apige, Afande," akasema Kapteni. "Kuipiga miaka thelathini kumeshaifanya kuwa historia."

Siku ya ufunguzi zizi la zamani lilikuwa limejaa. Ukuta ulinukia rangi mpya, sakafu ya mawe ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, na pale palipokuwa hori la farasi palikuwa na makabati ya vioo yenye panga na vitabu vya zamu. Dirisha kubwa lilimwonyesha farasi wa nje, safari hii upande wa uso. Chini ya dirisha kilikuwa kibao cha shaba, na Bi Redio, kola imesimama, vifungo sita vinawaka, alikuwa amemaliza tu kukisoma kwa sauti: kwamba desturi hii haikuamriwa na mwanzilishi, bali ilianzishwa na mwongoza watalii aliyekosa la kusema, kuruta aliyeogopa kusema hajui, na sajini aliyeogopa zaidi yake. Akaeleza mengine yote, na watu wakacheka vizuri.

"Upuuzi!" ikatoka sauti nyuma.

Watu wakapisha. Alikuja mzee mkavu wa miaka kama sabini na sita, medali kifuani, fimbo mkononi, amezungukwa na wajukuu watano.

"Nani kaandika upuuzi huu? Nilikuwa sajini hapa miaka kumi na tisa. Amri ile ni ya mwanzilishi mwenyewe. Kadeti aliyeisahau nilimrusha kichura akauzunguka uwanja. Tena nakumbuka siku nilipoihakikisha, binti yangu. Nilimkuta kuruta mmoja langoni anamweleza mgeni habari hiyo hiyo, mama mmoja hivi, mwenye mwavuli..."

Akasita. Fimbo ikagonga sakafu mara moja. Akakisoma tena kile kibao, midomo ikicheza bila sauti.

Wajukuu walikuwa wakimtazama babu yao. Kule mlangoni, Kapteni, Kapteni wa ushahidi na makaratasi, alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu na kupunga mkono chini ya faili: mwache, Mama, mwache mzee wa watu, sema lolote! Na lolote alikuwa nalo, tena mengi, yamepanga foleni kwenye ulimi.

"Binti yangu," akasema mzee polepole. "Niambie kweli. Yule kuruta alikuwa anajua, au alikuwa anabuni?"

"Alikuwa anabuni, mzee wangu."

"Na huyo mwongoza watalii?"

"Ni mimi hapa."

"Na sajini?"

"Ni wewe."

Mzee aligeukia dirisha. Alimtazama farasi.

"Kwa hiyo mwanzilishi hakuitoa amri ile," akasema.

"Hakuitoa. Alikuwa ameshakufa."

"Na wewe huwezi kutoa amri jeshini, wewe ni raia. Kuruta naye hana amri ya kutoa."

"Hana, mzee."

"Aliyeitoa ni mimi."

"Ni wewe peke yako."

"Na majenerali wameitii? Wote?"

"Wote, mzee. Huyu Mkuu wa Chuo, na waliomtangulia wote tangu siku ile, na wa nchi jirani pia. Mmoja alilia."

Mgongo wa mzee ukaanza kunyooka, kidogo kidogo, mpaka fimbo ikabaki haina kazi. Akawageukia wajukuu wake, macho yakiwaka. "Mmesikia? Mimi, sajini! Majenerali wote, miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini!" Akacheka kicheko kilichomkohoza, mjukuu mkubwa akampiga mgongoni, naye akamsukuma pembeni ili aendelee kucheka. "Hebu rudia, binti yangu. Irudie yote, kwa sauti, na pale kwenye sajini usiende haraka."

Mlangoni Kapteni alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa shati. Bi Redio akashika kipaza sauti, akaanza upya tangu mwanzo, na watu wakacheka kuliko walivyowahi kucheka kwenye basi.